Mbwa mkali: maswali wanayoniuliza watu wa Mwanza kuhusu mbegu, damu na usalama wa mtaa

Kazi yangu ni kutibu wanyama. Ng'ombe hunipeleka Magu na Misungwi, mbwa hunibakiza mjini: Isamilo, Capri Point, Kiseke, Buswelu, Nyegezi. Simu za mbwa ni za aina mbili. Ya kwanza huja mtu akishamaliza kujenga ukuta: "Dokta, nitafutie mbwa mkali." Ya pili huja miezi kadhaa baadaye, mara nyingi kutoka kwa mtu yuleyule: "Dokta, mbwa kang'ata mtoto wa jirani." Nimeyakusanya hapa maswali kama ninavyoulizwa. Kama umeng'atwa leo, acha kusoma kuanzia juu, shuka hadi swali la kung'atwa.

Mtoto wa nyoka si ni nyoka? Ukali si uko kwenye damu?

Upo, na sitaufunika. Mwaka 1959 mwanasayansi wa Kirusi, Dmitri Belyaev, alianza kufuga mbweha huko Novosibirsk. Kila kizazi aliwachukua wachache waliomwogopa mtu kidogo kuliko wenzao, akawazalisha wao kwa wao. Hakuwafundisha kitu. Baada ya vizazi vichache tu mbweha wale walikuwa wanatikisa mkia wakimwona mtu na kulamba mikono yake. Pembeni lilifugwa kundi jingine, la wale wakali zaidi, nao wakazidi kuwa wakali. Kilichonishika mimi ni walichofanya baadaye: walichukua viinitete, yaani mimba changa kabisa, vya mbweha wakali wakaviweka kwenye matumbo ya majike wapole. Watoto wakazaliwa na mama mpole, wakanyonyeshwa na mama mpole, na bado wakatoka wakali kama damu yao. Kwa hiyo anayekuambia tabia ya mbwa ni malezi matupu anakupunja nusu ya habari.

Nusu ya pili ni hii. Belyaev alichagua jambo moja tu, mwaka baada ya mwaka. Wauza mbwa wetu wanachagua nini? Masikio yasimame, kifua kiwe kipana, rangi ipendeze kwenye picha ya simu. Mwaka 2022 watafiti walitoa matokeo ya uchunguzi wa tabia za mbwa zaidi ya 18,000 huko Marekani, wakakuta kwamba aina ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Kwenye utii, damu ilionekana vizuri. Kwenye wepesi wa kukasirika, jina la mbegu halikusaidia kubashiri karibu lolote.

Hilo hata bila utafiti unaweza kuliona. Niliwahi kuchanja watoto saba wa tumbo moja kule Kiseke, wote jemani shepadi, wote rangi moja. Mmoja alijificha nyuma ya simtanki, hakutoka hadi naondoka. Mwingine alikuwa ameng'ang'ania kamba ya kiatu changu muda wote. Mama yao alinilalia miguuni. Ukiniuliza mimi, mtazame mama kwanza, na baba ukimpata. Hao wawili ndiyo damu yenyewe ya mtoto unayemchukua. Jina la mbegu ni ukoo wa mbali.

Basi mbegu haina maana?

Ina maana, lakini si ile anayokuambia muuzaji. Mbegu ni kumbukumbu ya kazi. Mbwa mwitu akiwinda hupita hatua kadhaa: anaona, anakaza macho, ananyemelea, anafukuza, anadaka, anaua, anakula. Binadamu kwa karne nyingi amekuwa akikata hatua moja hapa na kurefusha nyingine pale. Mbwa wa kuchunga kondoo wa Uskoti amebaki na kukaza macho na kunyemelea, hatua ya kuua imefifia. Mbwa anayelala katikati ya mbuzi ili kuwalinda dhidi ya wanyama wakali, kama wale wa Uturuki, hana hata hamu kubwa ya kufukuza. Angekuwa nayo, mbuzi wangekwisha.

Sasa chukua hawa wanaotangazwa mjini kwetu. Jemani shepadi aliandikishwa rasmi kama mbegu mwaka 1899 na ofisa wa jeshi, Max von Stephanitz, kutokana na mbwa wa wachungaji wa Kijerumani. Kazi yao ilikuwa kuzunguka pembeni ya kundi siku nzima, kondoo asivuke na kuingia shamba la mtu. Ukimwona jemani wa Capri Point anasindikiza kila bodaboda kwa ndani ya ua, kutoka kona hadi kona, ameshachakaza njia kwenye majani, basi ujue anachunga kondoo asiokuwa nao. Rotwaila ametokea mji wa Rottweil, alikuwa mbwa wa kuswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wachinjaji. Rijibeki, mwenye mstari wa nywele zilizogeuka mgongoni, sifa zake ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Huyo aliwahi kutumika kumzuia simba kwa kumbwekea na kumkwepa mpaka mwindaji afike, hakutarajiwa kumuua. Boaboeli wa Afrika Kusini alifugwa alinde shamba lililo mbali na watu.

Pitibuli ana historia chafu kuliko wote. Waingereza walikuwa na mchezo wa kumfunga fahali na kumwachia mbwa wamng'ang'anie pua. Mchezo huo ulipigwa marufuku mwaka 1835. Watu wa kamari wakahamia mashimoni kupiganisha mbwa kwa mbwa, wakachanganya wale wa fahali na mbwa wadogo wepesi wa kuwinda panya. Huko walichagua mbwa asiyeachia, asiyesikia maumivu haraka, asiyepoteza muda kuunguruma. Lakini mtu alikuwa anaingia shimoni kuwatenganisha kwa mikono yake, kwa hiyo mbwa aliyemgeukia mtu hakuthaminiwa. Ndiyo maana utakuta pitibuli anayelala na watoto wa nyumbani akamaliza mbuzi wa jirani kwa dakika tatu. Usinielewe vibaya: wanaozalisha leo hawafuati uangalifu wowote wa zamani, na mnyama asiyetoa onyo ni hatari kwa yeyote aliyesimama karibu.

Halafu kuna kilo. Mbwa wetu wa mtaani ana kilo 15 hivi. Rotwaila dume anafika 50, boaboeli anapita hapo. Wa kwanza akikosea unapata matundu manne mguuni. Wa pili akikosea kwa mtoto wa miaka mitano, hakuna mguu wa kutosha. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kuogopa mbegu kubwa. Moyo wa mbwa sijui kuusoma kwa jina, ila uzito wake naupima.

Ni kweli taya za pitibuli zinajifunga zenyewe, hazifunguki?

Hapana. Mfupa na misuli yake ni kama ya mbwa mwingine. Haachii kwa sababu hataki kuachia, na hilo amerithi. Akimshika mtu, usimvute mtu, utaongeza kuchana nyama. Mbane mbwa alipo, kamata mkanda wa shingoni kwa nyuma ukaze na kuusokota mpaka akose pumzi, atafungua mwenyewe. Na uwe na nguvu ya kumshikilia baada ya hapo, kwa sababu atageuka.

Na mbwa wetu wa kienyeji je? Hawa si wapole?

Wananifurahisha hawa kuliko wote, nitawaongelea kidogo. Mbwa wa kienyeji hana kitabu cha ukoo, lakini usidhani hakuchaguliwa. Kwa vizazi vingi, aliyeng'ata mtoto wa nyumba hakulala na uhai, na aliyeshindwa kupata chakula chake mwenyewe hakuzaa. Wakabaki wale wenye tahadhari: anabweka akiwa mbali, anarudi nyuma, anabweka tena, anapima. Muda mrefu kabla hajakung'ata ameshakupa nafasi kumi za kuondoka.

Ndiyo maana ule ujanja wa kuinama kana kwamba unaokota jiwe hufanya kazi hapa. Mji wetu ni wa mawe, na hakuna mbwa wa Mabatini au Igogo ambaye hajawahi kuonja moja. Hajarithi hofu ya jiwe, amefundishwa. Sasa mgeni akienda kuinama mbele ya jemani aliyekulia ndani ya geti, ambaye tangu azaliwe hajarushiwa hata kokoto, anamwonyesha shingo tu.

Hatari ya mbwa wa kienyeji iko sehemu mbili. Ya kwanza ni kundi. Mbwa mmoja wa mwaloni, pale dagaa wanapoanikwa, hana shida na mtu, shibe yake iko mchangani. Lakini jike mmoja akiwa kwenye joto, madume tisa nyuma yake, alfajiri saa kumi na moja, na mama amepita na ndoo kwenda kuwahi dagaa, hapo hakuna tena mbwa mwenye tahadhari. Kila mmoja anajiona mkubwa kwa sababu ya mwenzake. Ukiliona kundi la namna hiyo, badilisha njia hata kama utachelewa. Ya pili ni kichaa cha mbwa, nayo nitaieleza chini.

Nikimlisha pilipili, bangi au nyigu atakuwa mkali?

Atakuwa mgonjwa. Pilipili inamuunguza tumbo, bangi inamlewesha na kumyumbisha, nyigu wanamvimbisha koo mpaka ashindwe kupumua. Mbwa mwenye maumivu hung'ata yeyote anayemgusa, na anayemgusa kila siku ni wewe. Nimewahi kuletewa mmoja aliyevimba uso kama mkate wa boflo, mwenyewe anajisifu kwamba dawa imeanza kufanya kazi.

Na mapanki mabichi yenye damu?

Mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa, hayana ukali ndani yake, yana miiba. Chemsha. Mbwa anayelishwa kidogo ndiye hulinda sahani yake kwa meno.

Nataka mlinzi. Nichukue mbegu gani, wa umri gani?

Jiulize kwanza unachotaka ni kengele au ni meno. Mwizi anayeruka ukuta saa nane usiku anachoogopa ni wewe kuamka. Kwa kazi hiyo majike wawili wa kienyeji waliochanjwa na kufungwa kizazi wanatosha, nao hawatakufilisi kwa chakula. Mbwa wa meno ni kama silaha: lazima awepo mtu anayejua kuitumia, tena kila siku. Kama hiyo kazi unamwachia dada wa kazi aliyefika juzi kutoka kijijini, usinunue.

Ukishaamua, nenda kwa muuzaji mwenyewe. Usiletewe kwa bodaboda ndani ya boksi. Mchukue mtoto akiwa na wiki nane hivi. Mbwa ana dirisha linalofunguka kati ya wiki ya 3 na takriban ya 12. Anachokutana nacho humo kwa wema, maishani atakiona ni cha kawaida: mtoto anayekimbia, mzee mwenye mkongojo, mama mwenye kanga kichwani, kelele za pikipiki. Asichokutana nacho kitamtisha akikua. Hili John Paul Scott na John Fuller walilieleza kwenye utafiti wao uliochapishwa mwaka 1965, na sijaona kitu chochote kwenye mabanda ya Mwanza kinachowapinga.

Sasa sikiliza wauzaji wetu wanavyojisifia: "Huyu tumemfungia tangu mdogo, hajazoea mtu, ni moto." Wamelifunga dirisha kwa makusudi. Wanachokuuzia ni mbwa mwoga mwenye meno makubwa, asiyeweza kumtofautisha mwizi na mkunga. Mbwa mlinzi mzuri ana utulivu. Anamtazama mgeni, anamtazama mwenye nyumba, anangoja. Yule anayejirusha kwenye nyavu mpaka povu linamtoka ana hofu, na hofu haina adabu.

Na ukiambiwa "jemani asilia", cheka kidogo ndani ya moyo. Wengi ni chotara, na si vibaya kuwa chotara. Vibaya ni bei.

Kumfunga mnyororo kutwa nzima ili usiku awe mkali, ni sawa?

Si sawa. Mbwa aliyefungwa hana njia ya kukimbia, kwa hiyo limebaki jambo moja tu la kufanya na kitu kinachomtisha. Watoto hulijua hilo haraka, humrushia vijiti kwa kuwa mnyororo una mwisho. Siku pete ikikatika, mbwa hamwendei mwizi, anawaendea wale watoto. Jenga ua au banda lenye nafasi ya kutembea, kivuli na maji. Mnyororo ni wa kumshikia wakati wa chanjo.

Nikikutana na mbwa mkali njiani nifanyeje?

Usikimbie, hata kama miguu inataka. Ile hatua ya kufukuza niliyoitaja juu huwashwa na kitu kinachokimbia, na wewe mwenyewe unaiwasha. Simama kama mti, mikono imelala kifuani au kando, macho yatazame chini na pembeni, usimkodolee. Mara nyingi atakunusa na kuboreka. Kisha rudi nyuma polepole bila kumpa mgongo. Una mkoba, mwavuli, kapu? Weka katikati yenu, akiuma aume kapu. Ukianguka, jikunje kama kobe, uso chini, mikono imefunika shingo na masikio, nyamaza.

Kwa watu wa bodaboda: mbwa anayefukuza tairi mara nyingi anapoteza hamu tairi likisimama. Punguza mwendo. Kumpiga teke ukiwa kwenye mwendo ndiko kunakowaleta watu hospitali, na jeraha la mbwa ndilo huwa dogo kati ya majeraha waliyo nayo.

Kuhusu ule msemo kwamba mbwa abwekaye haumi: anauma. Anayebweka huku anarudi nyuma anaomba nafasi. Anayekuja kimya, mwili umekakamaa, mkia umesimama juu na kutikisika kwa mitikisiko mifupi, huyo ameshaamua. Watu wengi wanadhani mkia ukitikisika ni furaha. Tazama kiuno: mbwa mwenye furaha anatikisa mpaka makalio.

Watoto wafundishwe nini?

Mambo manne tu, zaidi ya hapo watasahau. Usimguse mbwa anayekula, aliyelala, mwenye watoto, wala aliyefungwa. Na kukumbatia shingo ya mbwa ni upendo wa binadamu, kwake ni kubanwa. Mtoto ana kimo cha uso wa mbwa, ndiyo sababu majeraha yao huwa mashavuni na mdomoni, ya watu wazima huwa mguuni. Mtoto chini ya miaka sita asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata yule aliyemkuta nyumbani akiwa mchanga.

Nimeng'atwa. Nianze wapi?

Anza na bomba. Maji yanayotiririka na sabuni, hata ya kufulia, dakika 15 kamili kwa saa. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani, mwache mtu akushikie saa. Usipake mafuta ya taa, majivu, wala jiwe la nyoka. Usikubali kidonda kishonwe kabla hakijaoshwa vizuri. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo na useme wazi, "nimeng'atwa na mbwa, nataka chanjo ya kichaa." Zahanati nyingi hazina. Usirudi nyumbani kungoja, nenda hospitali ya wilaya au hospitali ya rufaa ya mkoa, Sekou Toure. Chanjo hutolewa kwa dozi kadhaa kwa siku maalumu, na wengi huacha baada ya ya pili kwa sababu kidonda kimepona. Kidonda si kipimo. Kama jeraha ni la kina, au liko kichwani, usoni au mikononi, ulizia pia sindano ya kingamwili inayochomwa kuzunguka jeraha.

Haraka hii yote ni ya nini? Kirusi cha kichaa kinaingia kwa mate, kinapanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo. Safari yake kwa kawaida ni mwezi mmoja hadi mitatu, mara chache wiki moja, mara chache zaidi ya mwaka. Aliyeng'atwa usoni ana muda mfupi kuliko aliyeng'atwa kisigino. Ndani ya safari hiyo chanjo inaokoa. Dalili zikianza, mgonjwa akishaogopa maji, hakuna dawa, karibu wote hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka duniani, takriban asilimia 99 ya maambukizi yanatoka kwa mbwa, na karibu asilimia 40 ya wahanga ni watoto walio chini ya miaka 15. Kwa Tanzania makadirio yanayotajwa ni watu 1,500 kwa mwaka. Hapa nataka ujiulize: hawa wote wameuawa na pitibuli? Hapana. Wameuawa na mbwa wa kawaida, wa kilo 15, aliyekuwa hana chanjo.

Nitamjuaje mbwa mwenye kichaa?

Picha iliyo vichwani mwetu ni ya mbwa mwenye povu anayekimbia huku anang'ata hata miti. Huyo yupo. Lakini kuna wa pili, mkimya. Mbwa mkali ghafla anakuwa mpole, anajificha gizani, sauti inakwaruza, taya la chini linaning'inia, mate yanachuruzika, hawezi kumeza. Mwenye mbwa anasema: mfupa wa mapanki umemkwama. Anaingiza mkono kooni kuutafuta. Nimewahi kufika nyumba moja nikamkuta mwenye mbwa tayari ameshatafuta, na mkono wake una michubuko ya miiba ya siku ile. Hakuna mfupa tuliouona. Tulimpakia bodaboda kwenda hospitali kabla hata sijamgusa mbwa.

Mbwa aliyeng'ata auawe palepale?

Kama inawezekana kumfungia salama, mfungieni siku 10. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na kirusi siku aliyokung'ata, ndani ya siku hizo ataugua na kufa. Akizimaliza akiwa mzima, daktari anaweza kuamua dozi zilizobaki. Lakini chanjo unaanza leo, hungoji siku ya kumi. Akiwa lazima auawe, msimpasue kichwa kwa rungu au jiwe, kwa sababu ubongo ndio unaopimwa. Piga simu kwa ofisa mifugo wa kata. Wakala wa Maabara ya Veterinari ina kituo cha kanda hapahapa Mwanza. Na kama mbwa ana kadi ya chanjo, leta kadi, usilete maneno.

Kwa nini mbwa wote wa mtaani wasipigwe risasi tu?

Kwa sababu imejaribiwa sana na haifanyi kazi. Ukiondoa mbwa leo, jalala na mchanga wa dagaa vinabaki, na ndani ya miezi wageni wanahamia, wachanga, wasiochanjwa, wasiojua mipaka. Pia wanaopigwa kwanza ni wale wanaokaa wazi bila woga, na mara nyingi hao ndio tuliowachanja. Kinachovunja mnyororo wa kichaa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, kila mwaka. Wilaya zinazoizunguka Serengeti zimechanja mbwa wa vijijini kwa miaka mingi, kulinda watu na wanyama wa hifadhi kwa pamoja. Pemba walikimaliza kichaa, kikarudi mwaka 2016, wakachanja tena mpaka kikakatika mwaka 2018. Wasomaji wa Ukerewe, hiyo ni habari yenu: kisiwa kinaweza kusafishwa, na mbwa mmoja ndani ya mtumbwi anaweza kukirudisha nyuma.

Wenzetu wamepiga marufuku mbegu fulani. Nasi tufanye hivyo?

Uingereza ilitunga sheria mwaka 1991 na kuzuia mbegu nne: pitibuli, tosa wa Japani, dogo wa Argentina na fila wa Brazil. Watu wakahamia kwenye bully mkubwa, wanayemwita XL, ambaye hakuwemo kwenye orodha. Baada ya vifo kadhaa naye akaongezwa, na tangu Februari 2024 huwezi kukaa naye England au Wales bila kibali maalumu. Uholanzi ilikuwa na marufuku ya pitibuli, ikaiondoa mwaka 2008 baada ya kuona kung'atwa hakupungui.

Maoni yangu: hapa kwetu orodha ingeleta rushwa tu. Nani ataamua chotara wa Buswelu ni asilimia ngapi pitibuli, mgambo? Afadhali sheria inayouliza mbwa ana kilo ngapi, amechanjwa lini, na geti linajifunga au halijifungi. Hata mgambo anaweza kusukuma geti.

Sheria yetu inasemaje mbwa wangu akimjeruhi mtu?

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 233, inamgusa mtu anayezembea kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutoka kwa mnyama aliye mikononi mwake. Haiulizi mbegu. Pembeni yake kuna madai ya fidia, na huko kinachochimbwa ni kama ulijua mbwa wako ana tabia hiyo. Kumtesa mbwa ili awe mkali nako kunaangukia kwenye Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Kibao cha "MBWA MKALI" getini si kinanikinga?

Kinamkinga anayejua kusoma na aliyefika mchana. Kwa mwenye mbwa nakiona kama ushahidi: umeandika kwa rangi nyekundu, kwa mkono wako, kwamba ulijua.

Nina sababu ya kulijua hili. Nilikuwa na jike chotara, Nyota, mtulivu. Alianza kumngurumia binti aliyekuwa akituletea maziwa. Kila akinguruma nilimkemea, mara mbili nilimchapa na kandambili, na alipoacha nikafurahi kwamba amejifunza. Mimi, mtu wa kazi hii. Kumbe nilichomfundisha ni kunyamaza. Wiki kadhaa baadaye binti alisukuma geti kwa bega, dumu mikono yote miwili, na Nyota akamshika kwenye paja bila hata kukohoa. Kibao kilikuwepo. Binti hakuwahi kupata nafasi ya kukisoma, kwa sababu geti likiwa limesukumwa wazi kibao hutazama ukutani.

Nyota alikuwa amechanjwa, binti alipona, gharama nililipa mimi, na ile familia bado tunasalimiana kwa shida. Geti langu sasa lina mlango wa pili kwa ndani, hatua tatu kutoka wa kwanza, wenye springi inayoufunga wenyewe. Nje nimefunga kengele ya baiskeli. Fundi aliiweka juu, usawa wa kifua changu, nikamwambia aishushe hadi ifikiwe na mtoto wa darasa la kwanza.